Ukuta Wenye Madirisha, Nyumba Haipo

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu mliofika na treni ya Glasgow jioni hii, assalaam aleikum. Na wenye salamu nyingine, habari za jioni. Hamjambo nyote? Chai iko pale nyuma, mahamri yamebaki machache, na atakayeona nimezidi kusema ainuke akajimiminie, sitakasirika. Kazi yangu ya miaka tisa imekuwa kusema huku watu wanakula.

Nimeombwa niwaeleze kuhusu safari ya kesho. Mwenyekiti alitaka iwe dakika kumi. Nikamwambia, mzee, dakika kumi ni za kuonyesha vyoo viko wapi. Akacheka, akaniachia nusu saa.

Kwa msionijua, mimi ni mtoto wa Mombasa, Mji wa Kale, na hapa Edinburgh ninaendesha basi dogo la watalii. Dereva ni mimi, mwongozaji ni mimi, wa kutuliza mtoto aliyetapika ni mimi pia. Na njia yangu ya kila wiki ndiyo hiyo mtakayopita kesho: ngome na majumba ya zamani ambayo watu wameyaona kwenye televisheni, wakavuka bahari kuja kuyashika kwa mikono.

Tamthilia iliyoleta mambo yote haya inaitwa Outlander. Ilianza kuonyeshwa mwaka 2014. Nesi wa Kiingereza, vita vya pili vya dunia vimekwisha, anakuja Uskoti na mumewe kupumzika. Anagusa jiwe katika duara la mawe ya kale, anajikuta mwaka 1743. Basi hapo ni koo za milimani, askari wa makoti mekundu, mapenzi, vipigo na farasi wengi. Najua humu ndani wamo walioitazama yote mara mbili. Nawaona mnainamisha vichwa. Msione haya, mmenilishia wanangu.

Sikuja kuwaambia kwamba televisheni ni uongo. Hilo linajulikana hata na mtoto. Abiria wangu wengi wanajua kabisa kwamba yule bwana wa kilti, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, ni mwigizaji, na bado wanataka kusimama alipolia. Nilipoanza kazi nilikuwa nawakatiza: "Hapana bibi, hapa hapakuwa jela, hapa palikuwa kasri." Nilijiona mwalimu. Siku moja mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Na hao waliojenga kasri, wao walikuwa hawaigizi?" Nikakosa jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, na kesho nitawaonyesha lilipo, kwa kidole. Lakini tuanze njiani.

Tukitoka mjini kuelekea magharibi mtaona madaraja matatu yamevuka mkono wa bahari wa Forth. Lile jekundu la reli ni la 1890, la kati ni la 1964, na jipya lenye nyaya kama matanga ni la 2017. Piga picha upesi, sitasimama.

Kituo cha kwanza ni Midhope. Ni mnara wa kukaa watu, wa karne ya 16, ndani ya shamba la Hopetoun, mali ya watu binafsi. Kwenye tamthilia ndiyo Lallybroch, nyumbani kwa shujaa. Mtasimama uani, mtaona lango, ngazi na mlango, na mtaishia hapo. Ndani hakuingiliki. Yale mazulia na meko mliyoyaona yalikuwa studio, Cumbernauld, katikati ya Glasgow na Stirling. Mlango uko huku, sebule iko kule, mwendo wa gari. Huo ndio ufundi wao: mtu anafungua mlango huku mvua inamnyeshea, anaingia ndani wiki nyingine, nywele zimekaushwa.

Midhope ina siku zake za kufunga, maana pale ni shambani kwa watu. Mwaka wangu wa kwanza sikuangalia kalenda. Nikafika na abiria kumi na wanne kutoka Marekani, geti limefungwa, na kondoo wanatutazama. Mama mmoja akalia machozi ya kweli. Alikuwa ameuguza mumewe miaka miwili, na jioni zote walikuwa wanaitazama tamthilia ile pamoja. Mume alikuwa amekwisha kufariki. Nilirudi siku ya pili nikampeleka peke yake, bila malipo, kwa gari langu. Akakaa pale ukutani kama nusu saa, hakupiga picha hata moja. Tangu hapo simcheki mtu anayelilia nyumba ya kwenye televisheni. Na kalenda naiangalia mara tatu. Ya kesho nimeangalia, wazi.

Kutoka hapo ni karibu sana kwenda Blackness, na hapa naomba watu wa pwani mnisikilize.

Blackness imejengwa miaka ya 1440, juu ya ulimi wa mwamba unaoingia baharini. Sir George Crichton ndiye aliyeijenga, na haikuchukua muda, mwaka 1453 ikawa mali ya mfalme. Ukiitazama kutoka majini ni jahazi lililopanda mwamba: mbele imechongoka, nyuma imetanuka, katikati umesimama mnara. Waskoti wenyewe wanaiita meli isiyosafiri kamwe, na minara yake mitatu ina majina ya chomboni. Wa mbele, unaopigwa na mawimbi, ni omo. Wa kati ni mlingoti. Wa nyuma, ulio nchi kavu, ni tezi. Siku ya kwanza niliposikia majina hayo kwa Kiingereza nilicheka peke yangu, kwa sababu nyanyangu alikuwa na methali yake, akiisema kila mtu anapojidai: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Unaweza kutembea chomboni mbele na nyuma ukijiona nahodha, mwisho wako ni kule chini ya chombo kunakokusanyika maji machafu.

Sasa, Blackness ngama yake ipo. Chini ya mnara wa omo kuna shimo la gereza. Mfungwa alikuwa anashushwa kwa tundu la sakafuni, na maji ya bahari yakijaa yanaingia, yakitoka yanatoka, yeye yumo. Vigogo nao walifungwa Blackness, wakubwa wa serikali na wa kanisa waliokosana na mfalme. Ila kigogo alipewa chumba chenye meko, huko juu. Shimo lilikuwa la yule asiyejulikana jina. Nikifika na wageni pale nawaomba wakae kimya nusu dakika wasikilize maji. Kwenye tamthilia Blackness ni Fort William, na ule ua ndipo kijana anapochapwa mijeledi mpaka mgongo unachanika. Abiria huuliza jiwe gani hasa. Nawaonyesha, kisha nawapeleka kwenye tundu. Wengi wakishachungulia hawaniulizi tena habari za mijeledi.

Kuta zake zilinenepeshwa karne ya 16 kwa ajili ya mizinga, mahali pengine unene unafika mita 5.5. Hata hivyo mwaka 1650 jeshi la Cromwell, yule jenerali wa Kiingereza, likaja kwa mizinga na ikasalimu amri. Baadaye ikawa bohari ya risasi. Watu wa Mombasa hapa mnajisikia nyumbani, nadhani. Fort Jesus ilikuwa jela mpaka mwaka 1958, wazee wetu wengine wameila ngeu mle ndani, na leo watoto wa shule wanapiga picha juu ya mizinga. Lugha yetu ililijua jambo hili mapema. Kilwa Kisiwani ile ngome yenyewe inaitwa Gereza. Neno lilelile tunalomwambia mwizi.

Linlithgow sasa. Hii ni kasri, msije mkaiita ngome mbele ya wenyeji. Mfalme James wa Kwanza alianza kuijenga upya baada ya mji kuungua mwaka 1424, wafalme waliofuata wakaongeza, mpaka ikawa jumba la pande nne lenye ua katikati, na uani chemchemi ya mawe yaliyochongwa ya mwaka 1538. Hapa ndipo alipozaliwa Mary, malkia wa Waskoti, tarehe 8 Desemba 1542. Siku sita baadaye baba yake akafariki na mtoto akawa malkia. Malkia wa siku sita, kitovu hakijaanguka.

Televisheni ikaifanya jela. Wentworth, jela ya kutisha kuliko zote katika kisa kile, vile vichochoro na malango ni hapa. Yaani tamthilia ilipohitaji kambi ya jeshi ilikwenda Blackness, iliyokuwa jela kweli, na ilipohitaji jela ikaja kwenye chumba cha uzazi cha malkia. Mwanzoni hili lilikuwa linaniudhi. Sasa naona walikuwa na jicho. Linlithgow haina paa. Mwaka 1746, mwanzoni mwa Februari, askari wa Duke wa Cumberland, mkuu wa jeshi la serikali, walilala mle, wakaondoka, na jumba likateketea. Wapo wasemao ni moto uliosahauliwa, wapo wasemao mengine. Halikuezekwa tena. Ukisimama ukumbini unatazama mawingu, na njiwa ndio wenye nyumba. Kasri iliyounguzwa na jeshi lililokuwa likielekea kaskazini, kwenye vita ambavyo tamthilia nzima inavisubiri kwa hofu. Vita vyenyewe, Culloden, walikoshindwa watu wa milimani, vikaja tarehe 16 Aprili mwaka uleule, havikumaliza hata saa moja. Baada yake watu wa milimani wakakatazwa na sheria kuvaa nguo zao za asili mpaka mwaka 1782. Zile kilti mnazoziona madukani mtaa wa Royal Mile zina makaburi nyuma yake. Hilo silisemi kwa abiria kabla ya chakula.

Tutakula hapo, kwenye majani kando ya ziwa, na wanaoswali wataswali adhuhuri palepale, pana nafasi ya kutosha na bata hawana neno. Ila jamani, ule mchuzi wa mwaka jana uliomwagika kwenye viti, mimi bado nanusa dengu jua likiwaka. Kesho ni vikavu. Sambusa, mkate wa kumimina, maandazi. Mwenye biriani ale nyumbani kabla ya kuja.

Culross tutapita kwa muda mfupi kuliko inavyostahili, barabara ndiyo inavyotaka. Ni mji mdogo ng'ambo ya pili ya Forth, vichochoro vya mawe, nyumba za mapaa mekundu, na jumba la rangi ya manjano iliyoiva alilolijenga Sir George Bruce kati ya 1597 na 1611. Huyu alitajirika kwa chumvi na makaa ya mawe. Alichimba mgodi kupita chini ya bahari, akajenga kisima cha mawe katikati ya maji ili makaa yapandishwe moja kwa moja melini. Inasimuliwa kwamba mwaka 1617 Mfalme James wa Sita alishuka mgodini nchi kavu, akapanda juu akajikuta amezungukwa na bahari, akapiga kelele kwamba amesalitiwa. Dhoruba ya 1625 ikauharibu mgodi wote. Kwa nini hakuna aliyeitengenezea hadithi hii tamthilia, mimi sijui.

Walichokitumia Culross ni uwanja wa soko. Ndiyo Cranesmuir, wanakohukumiwa wanawake kwa uchawi. Na hapo si mchezo. Uskoti ilikuwa na sheria ya kuua wachawi kuanzia 1563 hadi 1736, na Culross yenyewe watu walishtakiwa. Wageni wangu husikitika, wakasema zamani watu walikuwa wajinga. Mimi nanyamaza. Kwetu Kilifi mpaka leo mzee anauawa kwa sababu ana mvi na ana shamba. Siwezi kusimama Culross nikacheka Waskoti wa 1600.

Haya. Doune.

Hii nimeiweka mwisho na nitaomba mniongezee chai. Kutoka Stirling kwenda Doune si mbali, na kabla ya kuingia mjini tutavuka daraja juu ya mto Teith. Hilo daraja ni la mwaka 1535, na kisa chake hakimo kwenye tamthilia yoyote. Fundi cherehani wa malkia, Robert Spittal, alifika mtoni hana sarafu mfukoni. Mwenye mashua akakataa kumvusha. Fundi hakubishana. Alijenga daraja, na mwenye mashua akakosa kazi maisha. Ndivyo wanavyosimulia. Mafundi nguo mliomo humu, nawaona, kesho tutasimamisha basi kwa ajili yenu dakika mbili.

Ngome ya Doune mnaijua mkiiona. Kwenye Outlander ndiyo Castle Leoch, makao ya ukoo anakopelekwa yule nesi. Mwaka 2009 ilikuwa imeshatumika kama Winterfell kwenye kipindi cha majaribio cha tamthilia nyingine, Game of Thrones, kabla hawajahamishia mambo yao Ireland ya Kaskazini. Na kabla ya wote hao, mwaka 1974, walikuja wachekeshaji wa Monty Python na filamu yao ya Mfalme Arthur. Nitarudi kwao, wana jambo na sisi.

Aliyeijenga ni Robert Stewart, Duke wa Albany, mwishoni mwa karne ya 14. Mshikeni huyu bwana. Alikuwa mtoto wa mfalme. Kisha akawa ndugu wa mfalme. Kisha akawa baba mdogo wa mfalme. Yeye mwenyewe hakuwa mfalme hata siku moja, na aliitawala Uskoti miaka mingi kuliko wafalme wengine waliovaa taji. Kaimu mfalme. Kaka yake alikuwa dhaifu wa mwili, basi Albany akashika usukani. Mwana wa kaka, mrithi wa kiti, akaanza kukua na kujua mambo. Mwaka 1402 kijana akafungwa Falkland mikononi mwa baba yake mdogo, akafa humo, na watu wakasema amenyimwa chakula. Baraza likakaa, likaamua amekufa kwa kudra ya Mungu. Kwa kudra! Mji wenyewe wa Falkland, ukiitazama tamthilia, ndio uliofanywa Inverness, pale nesi na mumewe wanapofikia wakiwa na furaha.

Alibaki mdogo wake, James. Mwaka 1406 akapakiwa melini kupelekwa Ufaransa kwa usalama, akakamatwa baharini, akaishia mikononi mwa mfalme wa Uingereza. Baba yake akafariki muda mfupi baadaye. Mtoto akawa mfalme akiwa mfungwa, na baba mdogo akabaki na nchi. Miaka 18 ikapita. Wengi waliamini baba mdogo hakuwa na haraka ya kutafuta fidia ya kumkomboa, na mimi nikisimama Doune naamini pamoja nao. Albany alikufa mwaka 1420, mzee wa miaka karibu 80, kitandani. James akarudi 1424. Mwaka uliofuata akamkata kichwa Murdoch, mwana wa Albany, na wajukuu wawili pamoja naye. Doune ikawa ya mfalme. Mnaona? Tezi na omo.

Sasa ingieni na mimi. Lango liko chini ya mnara unaokaribia mita 30. Mtu anayekuja kuomba haki yake lazima apite chini ya mnara huo, kwenye njia nyembamba yenye giza, kabla hajaona ua. Kisha ngazi. Kisha ukumbi mkubwa, mrefu mita 20, meko katikati ya sakafu. Na pembeni yake ukumbi wa bwana mwenyewe, chumba chake juu. Nyumba nzima imepangwa ili umwone kwa wakati anaotaka yeye, umetweta, macho yako hayajazoea mwanga. Jikoni kuna meko yenye mdomo wa mita 5.5, ng'ombe mzima anaingia na pembe zake. Mpishi mmoja kutoka Bukavu niliyewahi kumpeleka aliingia ndani ya hayo meko, akafungua mikono, akasema, "Huyu bwana hakuwa anapika kwa sababu ya njaa." Mpaka leo sijapata mwongozaji aliyeeleza vizuri zaidi.

Kisha nitawatoa uani, nitawageuza mtazame ukuta wa kusini. Hapa ndipo penye jibu la yule mzee. Ukuta huo ni mrefu, mnene, na juu yake mna madirisha. Madirisha makubwa, ya maana, yaliyochongwa na fundi mwashi aliyelipwa. Nendeni nyuma ya madirisha. Hakuna kitu. Hakuna chumba, hakuna sakafu, hakuna kanisa dogo walilokusudia kulijenga. Majani tu. Albany alijenga uso wa jumba, jumba lenyewe halikufuata. Mtu akija kutoka kusini anaona madirisha ya kifalme, anasema, loo, huko ndani kuna watu.

Watu wa sinema hufanya hivyohivyo. Wanasimamisha ukuta wa mbao, wanaupaka rangi ya jiwe, nyuma wanauegemeza kwa miti. Tofauti ni kwamba wao baada ya wiki kadhaa wanaubomoa na kuupakia kwenye lori, na kwenye jiwe la kweli hawaruhusiwi kupigilia hata msumari bila kibali, kwa sababu ngome inalindwa kisheria. Albany alitumia mawe, na ukuta wake wa maigizo una miaka zaidi ya mia sita. Anayelalamika kwamba televisheni imeivamia historia ya Doune nampeleka pale. Namwambia, bwana, mwigizaji wa kwanza wa nyumba hii ndiye mwenye nyumba.

Na hata paa la ukumbi, ambalo wageni hulitazama wakasema "karne ya 14!", ni la miaka ya 1880. Earl wa Moray wa wakati huo alikuta magofu akayaezeka. Nadhani alifanya vyema. Kasri ya Linlithgow mnaijua hali yake, hakutokea mtu.

Tangu Outlander, wanaoingia Doune kwa mwaka waliongezeka zaidi ya mara mbili. Pesa ya tiketi inakwenda kwa Historic Environment Scotland, wenye kuzitunza Doune, Blackness na Linlithgow, na chokaa haijichanganyi yenyewe. Lakini miguu nayo inakula ngazi. Zile ngazi za kuzunguka mnarani zimelika katikati kama kinu. Watoto mtawashika mikono. Kanga na buibui zipandisheni kidogo mkononi, na viatu vya visigino viacheni kwa ajili ya arusi ya Jumapili. Kwenye ngazi anayeshuka ndiye anayesubiri. Si sheria, ni mimi nimeiweka.

Mtu akichoka akae ukumbini ajikumbushe Januari 1746. Jeshi la Charles Edward Stuart, aliyewaongoza watu wa milimani kudai kiti cha ufalme, lilikuwa limeshinda vita vya Falkirk, wakawafungia mateka wao juu mnarani humohumo Doune. Usiku mmoja baadhi yao walifunga mashuka fundo kwa fundo wakashuka dirishani. Shuka likakatika, wakaumia, wengine wakatoroka. Kati ya waliokuwa wamefungwa mle alikuwamo mchungaji John Witherspoon, ambaye miaka 30 baadaye, huko Marekani, alitia sahihi tangazo la uhuru. Kwenye tamthilia yenye mapinduzi, mapenzi na Marekani ndani yake, waliikodi nyumba hii na kisa hiki hawakukigusa.

Sasa wachekeshaji, nimalizie chai yangu. Mwaka 1974 walikuwa wamepanga kurekodi kwenye ngome kadhaa za Uskoti, ruhusa zikafutwa kazi ikiwa mlangoni. Wakategemea Doune. Basi Doune ikawa karibu ngome zote: wakisimama huku ni kwa fulani, wakizunguka nyuma ni kwa adui yake. Pesa za farasi hazikuwapo. Mfalme Arthur anakuja anarukaruka kwa miguu yake mwenyewe kama yuko juu ya farasi, na nyuma yake mtumishi anagonganisha vifuu viwili vya nazi. Ko-kop, ko-kop, ko-kop. Na kule langoni Wafaransa na Waskoti na Wamarekani wazima, watu na vyeo vyao, wanakwenda mpaka dirisha la tiketi la Doune kuazima vifuu, wanakimbia uani wakivigonga.

Mimi, niliyekuna nazi juu ya mbuzi tangu sijaanza shule, niliona haya siku ya kwanza badala yao. Kwetu kifuu unakitilia motoni, au kama ni kizuri unafanyia kata au upawa. Nikampigia simu mamangu, nikamwambia huku kifuu ni farasi. Akanyamaza sana. Akauliza, "Na tui wanafanyia nini?" Nikamwambia mama, tui hawana habari nalo. Akasema, "Basi watu hao wana dhiki." Alipokuja kututembelea kiangazi kilichopita nilimpeleka. Alipanda ngazi polepole, akakagua yale meko, akasema moshi wake ulikuwa mbaya kwa macho ya wapishi, hilo sijawahi kulisikia kwa mtu mwingine. Uani akavichukua vile vifuu mkononi, akavigeuza, akanusa. Kisha mwanamke wa miaka 74, na buibui lake, akavigonga. Mara tatu. Wajerumani wawili wakampigia makofi.

Basi saa mbili asubuhi, mlangoni hapa. Saa mbili, si "niko kona nakuja". Makoti ya mvua mchukue hata kukiwa na jua. Vifuu vya pale Doune haviwatoshi nyote, nimevihesabu. Mimi ninavyo vyangu viwili, alivyoniletea mamangu kutoka Mombasa, vimesuguliwa vizuri kwa jani la msasa. Nitawaazima watoto kwanza. Wewe mzee Salim usinitazame hivyo, zamu yako itafika.